Transista Tatu za Hamsini na Nne

Alhamisi asubuhi, kabla bati la paa halijaanza kulia kwa joto, Fundi Mita alizipanga transista zake kumi na mbili kwenye sinia ya vifungo, mistari miwili ya sita sita, miguu juu, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari asiyekuja. Wagonjwa wa namna hiyo aliwajua vizuri. Mezani alikuwa na mita mbili za kupimia umeme, sakafuni betri ya gari, na pembeni taa kubwa aliyoing'oa kwenye basi bovu. Kazi aliijua mwanzo wake na mwisho wake: kati ya hizo kumi na mbili atoe nne zinazolingana, azifunge kwenye amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake, na Jumamosi saa nne aibebe mpaka kwenye mkutano wa wakazi, akaseme maneno yake yote bila kukatwa.

"Shemeji, umechukua sinia yangu bila hata hodi."

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni na rula yake ya ushonaji mkononi. Ni mdogo wa marehemu mkewe, mshonaji wa sare na mashati, na chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho alichoweka cherehani yake tangu dada yake aondoke. Asubuhi anafungua dirisha, jioni anarudi kwa mume wake. Katikati ya hapo anamtania shemeji yake bila kupumzika.

"Nimeiazima," alisema Fundi Mita.

"Na vifungo vyangu?"

"Vipo kwenye sufuria."

"Sufuria ipi?"

"Ile isiyopikiwa."

"Humu ndani hakuna sufuria inayopikiwa, shemeji. Nitajie alama nyingine."

Fundi akaonyesha kwa kidevu. Shemeji akavichukua vifungo vyake, lakini hakuondoka. Aliinama akazitazama transista. Zilikuwa zile za zamani za chuma, kila moja pana kama kifungo cha koti, na masikio mawili yenye matundu ya bolti.

"Mbona zote ni sawa? Unachagua nini hapo?"

"Sura ndiyo sawa. Hata wale wanaokaa meza kuu pale mkutanoni wamevaa suti zinazofanana."

Maneno aliyotaka kuyasema Jumamosi yalichukua sekunde arobaini. Alikuwa ameyapima kwa saa ya ukutani. Mkewe alifikishwa zahanati saa nane na dakika kumi mchana, akitembea kwa miguu yake, kifua kikiwa kimembana. Wakamlaza kwenye mashine ya hewa. Saa kumi na moja umeme ukakatika, na jenereta ambayo wakubwa walitangaza mbele ya watu wote kwamba imenunuliwa haikuwepo; lilikuwepo sanduku lake, limekaliwa na mlinzi. Saa kumi na mbili kasoro mkewe akafariki. Kwenye cheti wakaandika: mgonjwa alifika akiwa amechelewa. Fundi Mita hakusoma sana, lakini maneno hayo manne aliyasoma mara nyingi kuliko kitabu chochote maishani mwake. Alitaka yafutwe, na mahali pake iandikwe saa. Basi.

Mara ya kwanza aliposimama mkutanoni, alishika maiki ya wakubwa. Alifika kwenye "mke wangu alifikishwa zahanati", maiki ikafa. Mtu wa mitambo wa mwenyekiti alikuwa na kidole kwenye swichi na macho mawinguni. Mwenyekiti akasema muda hautoshi, yeye aliyetoka kutumia dakika ishirini kuusifia mlango mpya wa ofisi.

Mara ya pili Fundi alikwenda na amplifaya yake, inayotumia betri, isiyo na swichi ya mtu. Alifika kwenye "saa nane". Hapo moshi mweupe ukapanda kutoka kwenye sanduku kama vile ndani kuna mtu anavuta sigara, sauti ikazama, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Tangu siku hiyo barabarani haitwi tena Fundi Mita. Anaitwa Fundi Moshi.

Kila aliyemuuliza, Fundi alimwambia kwamba wakubwa wamemhujumu. Wangeshindwaje? Watu walioweza kuiyeyusha jenereta nzima wangeshindwa na kisanduku cha mbao? Lakini nyumbani, alipokifungua, aliona ukweli na hakumwambia mtu ila shemeji yake. Transista za mwisho, zile zinazobeba mzigo wa kusukuma spika, zilikuwa nne. Moja ilikuwa imeungua mpaka chuma kimegeuka bluu. Tatu hazikuwa hata na jasho.

"Ukiipa transista mkondo kidogo mlangoni," alimweleza shemeji sasa, huku akikaza waya, "inafungua njia, unapita mkondo mkubwa. Hii ukiipa moja inakurudishia hamsini. Jirani yake, kiwanda kimoja, sanduku moja, inakurudishia sabini. Ukizifunga pamoja, ya sabini inabeba mzigo wa wenzake. Inapata joto. Ikipata joto inazidi kufungua njia, inajiongezea mzigo yenyewe, mpaka inakufa. Na hizo nyingine zimekaa."

"Zinapokea mshahara."

"Ndiyo hivyo hivyo. Miaka ishirini na sita nimeihudumia mitambo ya maji, naijua hiyo kazi ya kubeba watu. Siku waliyoniondoa walisema sina cheti. Bwana waliyemleta na cheti chake mpaka leo ananipigia simu kuuliza pampu namba mbili inawashwaje."

"Na unamwambia?"

"Ningefanyaje, watu wakose maji?"

Shemeji akachukua chaki yake ya kuchorea nguo, akaziandika transista namba migongoni, moja mpaka kumi na mbili, kisha akakaa na kipande cha karatasi ya ramani ya shati ili aandike vipimo. Fundi akaanza. Kila moja aliilaza kwenye sahani nene ya alumini, akaikaza kwa nati mbili, akaunganisha betri. Taa ya basi ikawaka, mita zikapanda. Naye, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi usioibwa, akasoma.

"Namba moja, sitini na sita."

"Sitini na sita."

Alikuwa na kasi. Mikono iliyozoea nati za pampu haishindwi na nati ndogo kama hizi. Anaitoa moja, anaiweka nyingine, anasoma, anaitoa. Kwenye saa tano kasorobo alikuwa amezimaliza zote. Akapitisha kidole kwenye karatasi ya shemeji na uso wake, ambao miaka mitatu hii haukuwa na kazi nyingine zaidi ya kununa, ukafunguka.

"Moja, sitini na sita. Nne, sitini na sita. Nane, sitini na sita. Kumi na mbili, sitini na saba. Umeona? Ndugu wa tumbo moja. Wangeniuliza mimi, hata serikali ningewachagulia hivi."

"Hongera, shemeji. Safari hii hutafuka?"

"Kipimo changu hakiyumbi. Chagua yoyote hapo, niirudie mbele ya macho yako."

Ilikuwa majivuno matupu, na shemeji hakuwa mtu wa kuyaacha majivuno yapite hivi hivi. Akamkabidhi namba moja. Fundi akaikaza, akaunganisha waya, akaitazama mita, kisha akaitazama tena.

"Imesemaje?"

"Subiri."

Akachomoa, akachomeka. Taa ikawaka kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

"Tisini na moja," alisema hatimaye.

"Ile ya sitini na sita?"

"Umenipa nyingine."

"Chaki yangu hiyo hapo mgongoni. Isome. Namba moja unaijua."

"Basi imekuwaje?"

"Labda imekua."

"Chuma hakikui, shemeji."

"Basi imeshiba."

Fundi hakucheka. Alisimama, akavua aproni, akaanza kutafuta kofia. Kila kitu sasa kilikuwa wazi mbele yake. Muuza vipuri amemuuzia feki. Wanaokota takataka, wanakwangua jina la zamani, wanapiga jina jipya, na kitu kinabadilika namba kama msemaji wa wizara. Na feki zinaingiaje nchini? Kuna mtu mwenye mhuri amekaa mahali, amefumba jicho moja. Yule yule, au binamu yake, ndiye aliyefumba jicho kwenye jenereta. Anakwenda sasa hivi dukani, na leo hiyo kaunta itapinduka.

"Muda wa kwenda na kurudi unao?" aliuliza shemeji.

"Sina. Ndiyo maana nina hasira."

Shemeji akanyoosha mkono aitoe namba moja kwenye sahani, airudishe kwenye sinia yake pamoja na wenzake wa kurudishwa dukani. Akaurudisha mkono haraka, akatia kidole mdomoni.

Fundi alikuwa ameshafika kizingitini.

"Shemeji, rudi."

"Nikirudi hasira itapoa."

"Ndicho ninachotaka, kitu kipoe humu ndani. Njoo uguse hii sahani. Hii si sahani, hii ni pasi."

Akarudi. Akatia mate kwenye kidole, akaigusa alumini, ikasema chwii. Alisimama hapo, kofia kichwani, akiitazama ile sahani. Namba moja aliipima sahani ikiwa ya baridi ya asubuhi. Namba nne, ya vuguvugu. Namba nane, ya moto. Namba kumi na mbili, ya kuunguza mtu. Kila transista aliipima akiwa ameikalisha kwenye joto la zote zilizotangulia, na joto ndilo linalopandisha namba. Jambo hilo alilisema kwa mdomo wake mwenyewe, asubuhi ile ile, akimfundisha mtu.

Kwa dakika nzima hakuwa na mtu wa kumlaumu, na hali hiyo ilimsumbua kama kiatu kigeni.

"Hili bati," alisema mwishowe. "Bati lile la mradi wao, jembamba kama karatasi. Linaleta joto."

"Bati liko juu, shemeji. Sahani iko chini. Hazijasalimiana tangu asubuhi."

Hapo akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichotoka kikiwa na kutu, lakini kilikuwa kicheko. Akaivua kofia.

"Kwa pasi, nguo ya kwanza hainyooki," alisema shemeji, "ya kumi inaungua. Sisi tunajua kwa kunusa. Wewe unayo mita, kumbe pua huna."

"Pua ninayo. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Fundi akaitundika kofia. Wote wawili walijua ilikuwa haraka kwa ajili ya nani.

Mchana ule aliutumia kufikiri badala ya kupima. Alitaka sahani ambayo haitakumbuka aliyetangulia. Jioni alikuwa ameshapata. Aliikata alumini ndefu zaidi, akaisimamisha ndani ya beseni la kufulia, nusu yake majini, nusu yake juu. Transista itafungwa juu, pakavu. Joto litateremka, maji yatalimeza. Na kila moja itapewa muda ule ule wa kutulia kabla ya kusomwa, si sekunde mbili kwa hii na nusu dakika kwa ile.

"Nitakupigia muda," alisema shemeji kesho yake, saa moja asubuhi, alipolikuta beseni lake mezani. Aliliangalia, akaamua kulinyamazia. "Nina kola kumi na mbili za sare. Kola moja ni dakika sita. Sikosei."

"Kwa saa?"

"Kwa kola. Saa yako ya ukutani inategemea betri, mimi nategemea chai."

Ikawa hivyo. Fundi alikaza nati, cherehani ikaanza kunguruma kule mbele. Cherehani iliponyamaza na shemeji akasema "kola," alisoma mita. Halafu anaitoa, anaisubiri sahani, anatia kidole majini, anaiweka nyingine. Hakuharakisha hata mara moja. Mtu aliyepita barabarani akachungulia dirishani na kuuliza kama Fundi Moshi siku hizi anafua waya. Shemeji akamjibu kwamba ndiyo, na akiwa na shati chafu alilete. Fundi hakugeuka. Alikuwa katika hali aliyoipenda kuliko zote: kitu kiko mbele yake, kina ukweli wake, na ukweli huo hauhitaji saini ya mkubwa yeyote.

Alipomaliza alirudia tatu za mwanzo, na zikasema kile zilichosema mara ya kwanza, namba kwa namba.

Wale ndugu zake wa tumbo moja wa jana walikuwa wametawanyika vibaya. Namba moja ilibaki sitini na sita. Namba nne ilikuwa sitini na mbili. Namba nane, hamsini na nne. Namba kumi na mbili, ile aliyoipa taji, ilikuwa arobaini na sita. Akazitazama zote upya. Namba tano, hamsini na nne. Namba kumi, hamsini na nne. Pamoja na nane, hizo ni tatu.

Ya nne haikuwepo. Zilizobaki zilikuwa mbali, nyingine juu, nyingine chini.

"Tatu zinatosha?" aliuliza shemeji.

"Zinatosha kwa spika moja. Mimi ninazo mbili."

"Basi peleka moja."

"Wao wana spika nne, shemeji. Kila nguzo wamefunga moja. Nikienda na moja nitakuwa mbu."

Akaichukua namba nne, ile ya sitini na mbili. Angeweza kuchukua ya chini, lakini alitaka nguvu. Moyoni alikuwa na picha aliyoitunza muda mrefu: sauti yake inalipuka pale uwanjani, meza kuu inatikisika, chupa za maji za wakubwa zinaanguka moja baada ya nyingine. Kwa picha hiyo, tofauti ya nane ilionekana kitu kidogo. Akazifunga zote nne, akazilehemu, akaunganisha redio ndogo ili iimbe ndani ya amplifaya kwa nusu saa, spika zote mbili zikitazama ukuta. Nyumba ikatetemeka. Vifungo vikacheza kwenye sufuria.

"Hiyo sauti," alipaza shemeji kutoka mbele, "itawatoa hata waliozikwa."

Alipolisema hilo aliisimamisha cherehani, redio ikaendelea peke yake.

Nusu saa ilipotimia Fundi alifungua mfuniko na kugusa. Ya kwanza, vuguvugu. Ya pili, vuguvugu. Ya tatu, vuguvugu. Ya nne hakuigusa. Aliusogeza mkono tu, akalisikia joto lake kabla ya kufika, na ile harufu aliyoijua, harufu ya mkutano wa pili. Bado ilikuwa inafanya kazi. Ingefanya kazi labda siku nzima. Labda ingefanya kazi mpaka kwenye neno "saa nane".

Alikaa kwenye kiti na bisibisi mapajani. Akaiangalia ile transista inayoungua kwa ajili ya wengine, akakumbuka pampu namba mbili, akakumbuka mambo mengine ambayo hayakuwa ya pampu. Picha ya chupa zinazoanguka ilikuwa tamu. Aliishikilia kidogo. Kisha akapasha moto chuma cha kulehemu, akaing'oa namba nne, akaiweka kwenye sinia, na spika ya pili akaichomoa na kuisukuma chini ya meza.

"Umebadili nia?" shemeji alikuwa mlangoni.

"Siendi kuwashinda kelele. Naenda kumaliza sentensi. Nilisahau."

"Na wasiposikia waliokaa nyuma?"

"Watasogea."

"Unawajua watu wewe?"

"Ninawajua. Wanapenda moshi. Watasogea wauone."

Jumamosi uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai, wananchi juani, kama ilivyo kawaida ya vitu hivyo. Spika nne zilikuwa nguzoni. Mwenyekiti alisoma taarifa ya maendeleo, afisa wa afya akasoma yake, na wote wawili walipongezana. Fundi Mita alisubiri safu ya nyuma, sanduku lake miguuni, shemeji ubavuni amejifunga kitambaa kichwani kwa namna ya mtu aliyekuja kupigana ikibidi. Wasemaji wa upande wa wananchi waliwekwa mwisho kabisa, kwenye mambo mengineyo. Zilipobaki dakika chache mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la ziada, akikunja karatasi zake.

Fundi akasimama. Akaliweka sanduku juu ya kiti, spika yake moja juu ya sanduku, akashika maiki. Kicheko cha kwanza kilianza kabla hajasema neno.

"Fundi Moshi," aliita mtu kutoka mbele, "tukae hapa au tuhame, tusije tukaungua?"

"Hameni," alisema, na maiki ikaitoa sauti yake safi, ya wastani, haina mkwaruzo. "Lakini njooni huku. Leo sikubeba kelele. Aliye mbali hatasikia."

Watu wakatazamana. Kisha bibi mmoja mzito wa kusikia akainua kiti chake cha plastiki akakileta, mwanamume mwingine akamfuata akicheka, ameshikilia simu tayari kupiga picha ya moshi. Safu ya pili ikaja kwa sababu ya kwanza imekwenda. Viti vikageuka, vikaburuzwa majanini. Kwa muda wa kunywa kikombe cha maji uwanja ulikuwa umejikunja kumzunguka, migongo yote ikiielekea meza kuu.

"Tafadhali wananchi," spika nne zilinguruma, "kaeni mahali penu." Zilinguruma tena. Hakuna aliyegeuka, maana kugeuka kungekuwa kupoteza nafasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alianza Fundi Mita, "mke wangu alifikishwa zahanati saa nane na dakika kumi mchana."

Alipita neno lile lililomzika mara ya pili, na mwenye simu akaishusha.

"Alikuja kwa miguu yake. Alilazwa kwenye mashine ya hewa. Saa kumi na moja umeme ulikatika. Jenereta mliyotusomea hapa kwamba imenunuliwa haikuwepo. Lilikuwepo sanduku."

"Muda," spika nne zilisema. "Mzee, muda wetu..."

"Nyamaza, tunasikiliza," alisema yule bibi mzito wa kusikia, bila maiki, wala hakuhitaji.

"Saa kumi na mbili kasoro alifariki. Kwenye cheti mmeandika kwamba alifika akiwa amechelewa. Hakuchelewa. Naomba maneno hayo yafutwe, na mahali pake iandikwe saa aliyofika. Nimemaliza."

Turubai la wakubwa lilisikika likipigwa na upepo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mfuniko wa sanduku. Haukuwa umeunguzwa na kitu. Shemeji alikuwa anatazama mbele, midomo imekazwa, machozi yakishuka bila yeye kuyashughulikia.

Afisa wa afya aliinama kumnong'oneza mwenyekiti. Mwenyekiti akaisogeza maiki yake. "Hoja ya mzee tumeipokea. Itafuatiliwa kwa utaratibu. Sasa tufunge..."

Lakini karani wa mkutano, mwanamume mwembamba anayekaa pembeni ya meza kuu na ambaye hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake, alikuwa amesimama. Alikuwa na daftari kubwa la kumbukumbu na kalamu. Kutoka pale alipokaa hakuwa amesikia vizuri. Akatoka chini ya turubai, akapita juani kati ya viti, watu wakampisha, mpaka akafika mbele ya kile kiti chenye sanduku.

"Samahani, mzee," alisema. "Mimi naandika kila kinachosemwa. Umesema alifika saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

"Mchana?"

"Mchana. Kwa miguu yake."

Karani akaandika, polepole, kwa herufi za mtu anayejua kwamba zitasomwa. Kule mbele mwenyekiti alikuwa anasema jambo kuhusu utaratibu. Karani akamaliza, akataka kufunga daftari.

"Bado," alisema Fundi Mita. Akainyoosha maiki mpaka ikafika chini ya kidevu cha yule karani, akaishika hapo imara. "Soma ulichoandika."

Karani akaiangalia maiki, akaiangalia meza kuu, akawaangalia watu. Kisha akafungua daftari, akasoma.